Kompyuta Iliyoning'atua Nikiwa Nauliza Tu

Masatu Burito,
Mwaloni Bukima,
Musoma Vijijini.
Ijumaa, Agosti 1996.

Kwa Bwana Apolinary Wanzagi,
Mtaalamu wa Kompyuta,
Musoma Mjini.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA PROGRAMU YAKO, AMBAYO IMENITOA KWENYE UVUVI WAKATI NILIKUWA NAIULIZA SWALI LA KAWAIDA

Bwana Mtaalamu, ambaye pia ni mtoto wa dada yangu Dorotea,

Pokea kwanza salamu za kiofisi. Za kijomba zitakuja mwishoni, kama tutakuwa bado tunaelewana. Nimekuita Bwana kwa sababu barua hii ni ya kikazi. Ingekuwa ya nyumbani ningekuita lile jina la wakati ule ulipokuwa unakula udongo nyuma ya jiko la mama yako huko Butiama, na wenzako wa ofisini wangeshindwa kufanya kazi.

Unanijua, mimi siyo mtu wa kulalamika ovyo. Miaka ile ya shida, sabuni ilipokuwa inasikika redioni tu, sikulalamika. Niliondoka kwa miguu yangu mpaka Sirari, kwenye mpaka wa Kenya, nikarudi na miche ya sabuni nimeishindilia kwenye tumbo la sangara. Mgambo walinipekua mpaka kwenye nywele, wakaniachia na samaki wangu. Yule sangara tulimla baadaye akiwa anatoa povu, na wanangu, Nyangi na wadogo zake, hawakuumwa tumbo mpaka mvua zilizofuata. Sukari ilipopotea nilikunywa chai ya chumvi, nikaisifia mbele ya wageni. Kwa hiyo ukiona Masatu ameshika kalamu, ujue maji yamemfika shingoni, na urefu wangu unaujua.

Ili tusije tukabishana, naanza na maneno yako mwenyewe, ulivyotufundisha Pasaka ulipokuja na ile disketi kwenye ofisi ya Umoja wetu wa Wavuvi Tusichoke. Mimi nilikaa mbele kabisa, natikisa kichwa kwa niaba ya wote.

Ulisema ndani ya mashine kuna darasa linaloitwa Mvuvi. Darasa hilo siyo mtu. Ni kama ule muundo anaokuwa nao fundi mitumbwi kichwani kabla hajapiga shoka. Kutoka kwenye muundo huo wanatengenezwa wavuvi mmoja mmoja: Masatu, Mwikwabe, Bernado, kila mtu na vitu vyake vya ndani. Vitu hivyo ni vya namna mbili. Kuna sifa, yaani alichonacho: mtumbwi, nyavu, mke, mrithi. Na kuna kazi, yaani kinachofanyika juu yake: kuhama mwalo wa kuegeshea mitumbwi, kuuza chombo, kung'atuka. Hilo la kung'atuka ulilitamka kwa kujidai sana, ukasema limetoka kwenye lugha ya kwenu Butiama likazunguka nchi nzima, na ukiligusa linakamilisha kila kitu kama katiba ya Umoja inavyotaka. Uliponiuliza mrithi wangu nani, nilicheka nikakuambia andika Ursula, maana mimi sina mpango wa kufa. Warithi nao ukawasajili, ukasema ni wavuvi wa akiba.

Halafu ukafika kwenye maajabu. Ulisema programu za watu wengine, mwandishi anapanga mapema kabisa sifa zipi zitaulizwa, na ambayo hakuipanga huwezi kuiuliza. Ya kwako haiko hivyo. Umeiandika kwa lugha ambayo mashine inaisoma na kuitenda hapo hapo, na jina la kitu kinachotafutwa halijulikani mpaka mtu alichape. Mtu anachapa jina la mvuvi, anachapa jina la kitu, na mashine ikiwa inatembea hivyo hivyo inaingia ndani ya yule mvuvi kulitafuta. Likiwa ni sifa, inaisoma. Likiwa ni kazi, inaifanya. Lisipokuwepo inalia pii na kusema hana. Na ukitaka kumwongezea mvuvi sifa ambayo darasa halikuwa nayo tangu mwanzo, unachapa WEKA, inapokea, haikuulizi wewe ni nani.

Mimi nikasimama nikawafafanulia wenzangu. Nikasema programu za zamani ni kama duka la ushirika, unauziwa kilichoandikwa ubaoni. Hii ya mpwa wangu ni ruksa, unataja unachotaka. Ulinipigia makofi. Nakukumbusha tu.

Na nilikuambia pale pale kwamba ujanja huu hukuutoa chuoni. Kwetu mtoto mchanga akilia hanyamazi, tunafanyagaje? Wazee wanakaa, wanamtajia majina ya waliotangulia. Wanataja, analia. Wanataja, analia. Mpaka litajwe lile analolitaka mwenyewe, ananyamaza, na ndilo jina lake. Hakuna aliyejua mapema litakuwa lipi. Wewe ulikataa majina ya ukoo mzima wa baba yako, wazee wakakauka koo, mpaka mimi, nikiwa napita tu natoka kuoga, nikasema "Wanzagi". Ukanyamaza kama taa iliyoishiwa mafuta. Kwa hiyo ukiulizwa huko mjini nani aligundua mambo ya kutafuta kitu kwa jina mashine ikiwa inatembea, usione aibu kunitaja. Nilikosa umeme tu.

Sasa injini. Umeshasikia kwamba tumepata injini moja ya mtumbwi, mpya, bado iko kwenye boksi lake ofisini na Dafroza, sekretari wetu, ameifungia kwa kufuli. Ni moja na sisi ni wengi. Wewe uliyezoea lami huwezi kujua maana yake. Siku hizi sangara ni dhahabu, viwanda vinamgombania, magari ya barafu yanakuja mpaka mwaloni. Lakini gari la barafu halimsubiri mtu wa kasia. Wenzetu wa Kiriba wenye injini wanafika, wanauza, wanakunywa chai, wanacheka, ndipo mtumbwi wangu Sina Presha unaonekana kwa mbali kama kisiki. Nikifika, samaki ameshabadilika macho na gari limeshakuwa vumbi. Na mikono hii, ingawa bado ina nguvu kuliko ya vijana wote wa Bukima ukiwafunga pamoja, ikifika alfajiri inanigomea kidogo. Hili usimwambie mama yako.

Mwenyekiti wetu Bernado alisema safari hii hakuna kunong'onezana. Kesho Jumamosi, mkutanoni, kila mwenye mtumbwi ataitwa kwenye kompyuta, watu watamwulizia sifa zake hadharani, kisha wanachama watasimama nyuma ya mtu wanayemtaka. Asiyekuwemo kwenye mashine hasimami. Mimi nilikuwa wa kwanza kuunga mkono. Shika hilo, maana sasa naingia kwenye malalamiko yenyewe.

LALAMIKO LA KWANZA: KUNITUKANA MBELE ZA WATU

Wiki iliyopita Bernado alifanya majaribio, Dafroza akiwa kwenye kibodi. Nikaitwa wa kwanza, kwa umaarufu. Wakaulizia mtumbwi, ikajibu. Wakaulizia nyavu, ikajibu. Nikaona wanacheza na vitu vidogo, nikasimama, nikamwambia Dafroza aulizie USHUJAA. Maana mwalo mzima unajua habari za yule kiboko aliyekuwa anapindua mitumbwi. Nilimshika masikio yote mawili, nikamweka kasia chini ya kidevu, nikamsemesha kwa upole mpaka akaona haya, akahamia upande wa Kiriba, na huko anaishi na watu vizuri mpaka leo.

Dafroza akachapa. Mashine ikalia pii, ikaandika kwa herufi za kijani: MVUVI MASATU HANA USHUJAA.

Watu walicheka mpaka jenereta ikazimika, nadhani kwa mtikisiko. Mwikwabe, ambaye naye anaitaka injini hiyo hiyo, alitolewa nje akiwa ameshikiliwa kwapani kama mgonjwa. Tangu siku hiyo nikipita mwaloni naamkiwa, "Shikamoo Mzee Hana." Na ni shikamoo ya heshima kabisa, imenyooka, ndiyo maana inauma.

Dafroza alijaribu kunituliza kwa maneno uliyomfundisha wewe. Alisema, "Mzee Masatu, haijasema wewe ni mwoga. Imesema tu hakuna kitu chenye jina la ushujaa ndani yako." Bwana Mtaalamu, nakuuliza kwa utulivu: mwoga ni nani basi?

LALAMIKO LA PILI: KUWEKA

Nikatumia ile ruksa. Nikamwomba Dafroza achape WEKA, na ushujaa wangu ukawekwa: MWINGI, MUULIZENI KIBOKO. Mashine ikapokea bila kulia. Nililala vizuri. Asubuhi nikaenda kuutazama, kama mtu anavyokwenda kutazama mtego wake, nikakuta ushujaa wa Masatu ni WA MDOMONI. Mwikwabe alikuwa amepita. Nikarekebisha: WA MWILI MZIMA. Akarekebisha: ISIPOKUWA MIGUU, YENYEWE INAKIMBIA. Ndipo nikagundua kwamba kwenye programu yako anayeweka mwisho ndiye mkweli. Tulikuwa tunapishana mlangoni, mimi natoka kusema ukweli, yeye anaingia.

Habari zikatoka. Foleni ile, mpwa wangu, mara ya mwisho kuiona ilikuwa enzi za sukari ya mgawo, watu wamepanga hata mawe na ndala kushikia nafasi. Kila mtu anataka kuwekewa. Bernado mwenyewe, Mwenyekiti, akaweka SAUTI YA KUIMBA: KAMA KINANDA, na kwaya nzima ya parokia inajua ndiye aliyekuwa anaambiwa afungue mdomo tu asitoe kitu. Mwikwabe akajiwekea KIMO: KIREFU. Huyu mtu akisimama kwenye mtumbwi unadhani bado amekaa. Mashine ikapokea. Inapokeaga yote.

Nilivumilia mpaka alipokuja Ursula mke wangu na wenzake wakaanga samaki. Nikadhani ameleta chakula. Akapanga foleni kama watu, zamu yake ilipofika akamwambia Dafroza aingie kwangu mimi, mumewe wa ndoa ya kanisani, aweke KUKOROMA: KAMA JENERETA YA OFISI. Wenzake wakaongeza KUPIKA: HAJUI JIKO LIKO WAPI. Walipomaliza kwangu wakaingia kwa Ursula, kwenye wavuvi wa akiba, wakamwekea mambo mengi sana huku wanagongana mikono. Hayo sikuyasoma. Nilikuwa na hasira, na miwani sikuwa nayo.

LALAMIKO LA TATU, AMBALO NDILO LENYEWE

Jana Dafroza alitoka kidogo kwenda kutafuta mafuta ya jenereta. Nikakaa mimi kwenye kiti. Lengo langu lilikuwa jema: kabla ya mkutano nijue ndani yangu kuna nini, nisiumbuliwe tena. Nikachapa MASATU, nikaanza kutaja. Nguvu, pii. Hekima, pii. Subira, pii, hiyo sikubishana nayo.

Mashine ikawa inalia tu. Sasa mimi ni mzazi, siwezi kukaa mbele ya kiumbe kinalia nikawa natazama. Nikakiangalia vizuri nikaona jambo liko wazi, hiki ni kitoto. Kimeletwa Bukima juzi tu, hakijazoea, kinalia kwa sababu hakijatajiwa jina linalokifaa. Nikavua kofia. Nikasogeza kiti. Nikafanya kama tunavyofanyaga sisi, nataja kwa sauti huku nachapa. Burito, ambaye ni marehemu baba yangu, aliyekuwa akipiga mluzi dagaa wanapanda mtumbwini wenyewe: pii. Nyamhanga: pii. Watu waliosikia kilio wakaingia kunisaidia kutaja. Kila mmoja akaleta marehemu wake. Ofisi ikajaa mpaka dirishani. Bibi mmoja akataja jina la mama mkwe wake, mashine ikalia kuliko mwanzo, bibi akasema, "Nakuelewa, mwanangu."

Basi nikafumba macho nikajiuliza, ni jina gani zito kuliko yote lililowahi kutoka pande zetu hizi? Likanijia lile la kwenu. Kama kuna sifa ya mtu mkubwa, ni hiyo. Nikalichapa herufi kwa herufi, ile alama ya juu nikaitafuta kwa kidole mpaka nikaiona. NG'ATUKA.

Kimya.

Haikulia. Watu tukatazamana. Kisha vigelegele, Bwana Mtaalamu, ambavyo nina hakika vilisikika Kisiwani Ukerewe. "Limekubali! Mtoto amelikubali!" Nikabebwa juu juu mpaka kichwa kikagonga dari. Mama mmoja akaleta uji wa mtama tumnywee mtoto. Ndivyo Dafroza alivyotukuta, tumeshika vikombe. Akapenya, akasoma kioo, akashika mdomo. Kilikuwa kimeandikwa: MVUVI MASATU AMENG'ATUKA. ASANTE KWA UTUMISHI WAKO.

Mimi niliuliza kama ninayo. Yenyewe ikaifanya.

Hapa ndipo nakulaumu, na nitakulaumu mpaka mbele ya mama yako. Umeweka sifa na kazi ndani ya nyumba moja, mlango mmoja, na zote zinaitwa kwa jina lile lile la kuchapa. Mtu anapiga hodi kuuliza kama kuna mwenye nyumba, kumbe ameamuru nyumba ibomolewe.

LALAMIKO LA TATU B: HAKUNA KURUDI

Tulijaribu. Nilichapa MASATU, ikasema HAKUNA MVUVI HUYO, na mimi nimekaa mbele yake naipumulia. Nilimfuata Bernado nyumbani, akanipa kiti, akaniagizia chai, akasikitika sana. Akasema, "Mzee Masatu, mimi nakuona kwa macho, lakini utaratibu haukuoni." Dafroza anasema wa kunirudisha ni wewe peke yako. Mkutano ni kesho. Mwikwabe ameshaanza kulizunguka boksi la injini, analipapasa.

MAOMBI YANGU

1. Nirudishwe mara moja, kabla ya mkutano. Barua hii nampa Felisiani, dereva wa gari la barafu, anaondoka leo na ataileta mkononi mwako.

2. Neno HANA lisitumike kwa mtu mwenye mvi. Mashine ikikosa sifa iseme: MZEE HAJAAMUA KUIONYESHA.

3. Kuweka sifa mpya mashine ikiwa inatembea kufungwe kabisa, kwa kufuli, daima. Sifa zote za mvuvi ziandikwe kwenye darasa tangu mwanzo, basi, hakuna kuongeza. Nitakutajia mimi zipi; Mwikwabe moja inamtosha. Ndiyo, najua nilisifia ruksa. Nilikuwa sijaionja. Duka la ushirika lilikuwa halina kitu, lakini hakuna mwanamke aliyewahi kwenda pale kukuongezea kukoroma.

4. Kazi za hatari zitengwe na sifa. Kabla ya kumng'atua mtu, mashine imwulize kama ana hakika. Akisema ndiyo, imwulize ameshakula. Kisha isubiri, imtume mtu nyumbani kwake akaone kama hana hasira.

5. Ukifikiri vizuri utaona jambo hili haliwezi kuishia kwenye kompyuta. Tazama ziwa letu. Lilikuwa na muundo wake tangu zamani: sato, ningu, kamongo, furu wa kila rangi. Akaja mtu, hatumjui jina, ziwa likiwa linatembea, akachapa WEKA SANGARA. Ziwa likapokea bila kulia. Leo furu wako wapi? Kwa hiyo naomba serikali ipige marufuku kumwongezea kitu chochote kitu kingine ambacho kimeshaanza kutembea. Sangara mwenyewe abaki, kwa sababu ya bei.

6. Na kwa kuwa huko Bunda siku hizi kila mnunuzi wa pamba anakuja na mzani wake na anajitangazia sifa zake mwenyewe, na wachumba nao vivyo hivyo, na wagombea pia, iundwe ofisi ya Msajili wa Sifa wa Kanda ya Ziwa. Mtu asiseme yeye ni mwaminifu mpaka agongewe mhuri. Makao makuu yawe Bukima. Msajili mnaye, niko bure kwa sasa, nimeng'atuka.

7. Mwisho, kompyuta yenyewe isajiliwe kama mvuvi. Nataka niisimamishe mbele ya wale wale waliocheka, niiulizie ADABU, ilie pii na kujisemea kwa kinywa chake kwamba haina. Baada ya hapo nitakuwa nimeridhika.

Bwana Mtaalamu, nimekueleza yote bila kuzidisha hata chembe. Sasa salamu za kijomba, maana nimeona naweza. Msalimie mama yako Dorotea ukipanda Butiama, mwambie yule jogoo aliyenipa amekuwa mkubwa hata mbwa wanampisha. Wasalimie wenzako wa ofisini, hata yule asiyejibu salamu. Wasalimie wote wanaonifahamu, na wasionifahamu wape habari zangu. Hapa sote hatujambo isipokuwa mimi, ambaye kwa mujibu wa utaratibu sipo.

Ni mimi mjomba wako aliyekupa jina,

Masatu Burito
(Mvuvi, kwa muda hapana)

TANBIHI, Jumapili baada ya misa.

Gari la Felisiani lilikatika springi kabla halijatoka mwaloni, kwa hiyo barua bado ninayo. Imekuwa heri. Mpwa wangu, tafadhali usifunge kitu. Ombi la tatu lifute. La nne lifute. La tano ziwa liachwe lilivyo.

Jana mkutanoni nilisimama nyuma kabisa, karibu na mbuzi, kama mgeni. Dafroza akaanza kuita mitumbwi. Alipofika kwa Sina Presha akachapa MMILIKI, nikaziba masikio nisisikie pii. Haikulia. Akasoma kwa sauti: URSULA. Kumbe ile kazi yako ya kung'atuka inakamilisha kweli kila kitu kama katiba inavyotaka, mtumbwi unapita kwa mrithi, na mrithi anatoka akiba anakuwa mvuvi kamili. Ursula akasimama, akajifunga khanga kiunoni, akaenda mbele.

Watu wakamwulizia sifa. BIDII, ipo. KUSHONA NYAVU, ipo. KUAMKA MAPEMA, ipo, na maelezo yake marefu. Zile zote walizoweka wenzake siku ile ya foleni. Mashine haikulia hata kidogo, ilikuwa imetulia kama mtoto aliyeshiba. Mwikwabe akaona anazidiwa, akapiga kelele kutoka nyuma kwamba aulizwe ushujaa, mvuvi bila ushujaa ni nini. Dafroza akachapa. Nikamwona anakunja midomo asicheke. Ikasema: USHUJAA WA URSULA: ANAISHI NA MASATU.

Walisimama nyuma yake wote, mpaka Bernado. Mwikwabe naye alikwenda, alipojiona amebaki peke yake na kimo chake. Injini ni yetu, Apolinary. Leo asubuhi imefungwa kwenye Sina Presha, nimeishika, nimeinusa. Kesho gari la barafu litatukuta sisi tumekaa.

Sasa imebaki jambo moja dogo. Nilipotaka kupanda mtumbwini, Ursula aliniuliza mimi ni nani kwenye chombo hiki. Nikamwambia aache mzaha, mimi ni mumewe. Akasema tukaiulize mashine. Tukaenda, na mwalo mzima nyuma yetu. Dafroza akachapa URSULA, akachapa MUME. Pii. MVUVI URSULA HANA MUME.

Wewe Apolinary, ulipoandika lile darasa lako la Mvuvi uliweka MKE ukaishia hapo. Hukufikiri kwamba mvuvi naye anaweza kuwa na mume? Unaona sasa kwa nini nakuomba usifunge WEKA. Kwenye muundo wako simo. Naweza kuingia kwa kuongezwa tu, mashine ikiwa inatembea, na mwenye chombo amemwambia Dafroza asichape WEKA mpaka yeye aseme. Nikamwambia Ursula basi waulizie nahodha, ikalia. Mpiga kasia, ikalia. Mpishi, watu wakacheka, ikalia. Nikamgeukia nikamwuliza mbele ya wote anataka nitaje nini.

Alikuwa ameketi juu ya lile boksi tupu la injini, anakula karanga.

"Endelea kutaja tu, Baba Nyangi," akasema. "Mtoto bado analia."